Namba ya Mkwe

Mume wangu alinunua bunduki ya kuwindia kulungu inayotumia risasi za aina mpya, mpya kiasi kwamba hata duka lililomuuzia halikuwa nazo. Ndivyo alivyo. Mwaka ule kila mtu kiwandani kwake alikuwa na kitu kipya, naye hakutaka kubaki nyuma. Risasi zilipopatikana zilikuwa ghali, akaamua kuzitengeneza mwenyewe kwenye gereji yetu hapa Jeffersontown, kando ya jiji la Louisville. Unanunua ganda, fataki, baruti na kichwa cha risasi, unapima baruti kwenye mizani ndogo, kisha unavikandamiza pamoja kwa mashine ya mkono. Kazi yenyewe hata mtu wa akili kama za mume wangu anaiweza. Kigumu ni kujua baruti kiasi gani, maana ikizidi, bunduki inapasuka mikononi mwako.

Kitabu chake cha vipimo kilichapishwa kabla risasi hiyo haijakuwepo. Kwenye tovuti ya watengenezaji wa baruti, aina aliyokuwa nayo yeye haikuwa na kipimo. Kwenye jukwaa la wawindaji mtandaoni mtu mmoja, mwenye picha ya mbwa badala ya uso, alitoa namba. Mwingine akamwita mpumbavu na kutoa yake. Mwishowe nikawapigia simu watengenezaji mimi, kwa sababu Kiingereza cha nyumba hii ni changu. Aliyepokea alisema kwa upole kwamba bado wanaipima, tusikisie, tusubiri, au tununue baruti nyingine ambayo vipimo vyake vimeshatoka.

"Bon, hao wanaogopa kushitakiwa tu," mume wangu akasema. "Na weye unajua nini ya bunduki?"

Basi akakisia. Alichukua kipimo cha risasi ya zamani inayofanana na yake, akaongeza kidogo kwa kuwa ganda jipya lilikuwa kubwa zaidi. Kisha akamtumia baba yangu, aliye Columbus, ujumbe wa sauti wenye adabu nyingi: baba, naomba uniambie kama namba hii ni nzuri.

Mume wangu ni mtu wa milima ya Kivu, upande wa Wakongo, ndiyo maana ya Kifaransa chake kila akianza kusema. Sisi ni Warundi, nami nilikulia kambini Tanzania, na kwetu baba mkwe na mkwe wake huheshimiana kama watu wawili waliobeba trei moja ya mayai. Hawabishani. Hawakosoani. Baba huwinda, lakini risasi zake hununua dukani, na angeweza kusema sijui. Badala yake akampigia rafiki yake wa kanisa, mzee wa Kikongo anayeishi North Buffalo, aliyewahi kuwa mwanajeshi. Akamwambia, "Mkwe wangu anatumia namba hii. Unaionaje?" Mzee akajibu kwamba ni sawa, watu wanaitumia. Baba akaleta jibu Louisville, naye kwa ujumbe wa sauti.

Mume wangu aliniwekea ujumbe ule niusikilize nikiwa napika. "Donc, umesikia? Baba anasema ni yenyewe. Na mzee wa Buffalo anasema watu wanaitumia."

"Watu gani?" nikamuuliza. "Watu hao ni wewe. Namba yako imekwenda kutembea, imerudi imevaa suti."

Akasema namvunjia baba yangu heshima. Akaenda gereji kupima baruti, akipiga mluzi.

Baba alikuja kwetu kwa sikukuu ya shukrani, ile ya kula bata mzinga. Kesho yake walipanga kwenda uwanja wa kulenga shabaha, na mgeni, tena baba mkwe, ndiye wa kupiga wa kwanza. Nilimvuta baba jikoni. Nilimweleza yote: ile simu, kile kisio, namba iliyozunguka. Alinisikiliza mpaka mwisho, na nikaona usoni mwake kwamba alikuwa anajua.

"Mwanangu," akasema, "mkwe akikupa heshima mbele ya watu, humrudishii. Nikikataa, nitakuwa nimemwambia kwamba nyumbani kwake ni kwa mwongo."

"Basi nimwambie mimi."

"Wewe nyamaza. Utaniaibisha."

Nilimchukia baba dakika ile, na ninampenda kuliko watu wote. Nikamfuata mume wangu nikamwomba apige yeye kwanza. Akacheka, akaniuliza kama nataka mtoto apokee sahani kabla ya mzee.

Kesho yake uwanjani baba alipiga wa kwanza, na bunduki ikapasuka kwa risasi ile ile. Ubao wa chini ya mtutu uligawanyika pale mkono wa kushoto wa baba ulipokuwa umeushika, na vidole vitatu vikabaki kwenye majani. Siku hizi baba hana kazi kule Columbus, maana kwenye ghala alikokuwa akifanya kazi hawahitaji mtu wa kubeba boksi kwa mkono mmoja. Watu husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu mkuu mwenyewe ndiye aliyesema, na ndiye aliyevunjika.

Mume wangu alilia hospitalini. Nilimwangalia nikaona analia vibaya, nikafurahi. Mzee wa Buffalo akapiga simu kutoa pole, kisha akaniambia, "Minaliona ile namba iko mukubwa. Lakini baba yako aliniambia ni ya mukwe yake. Miye ni nani, niharibishe heshima ya mukwe?"

Nilimkatia simu. Mzee wa watu, nilimkatia.

Mwezi huu, kabla ya msimu wa kuwinda kufunguliwa, kijana wa kanisa la mzee yule kule Buffalo alimwandikia mume wangu. Amenunua bunduki ya aina ile ile, na amesikia kwa wazee kwamba watu wa Louisville wana namba nzuri, anaomba aithibitishe. Mume wangu alishika simu, akajikohoza, akaanza, "Bon, ndugu yangu..." Nikamnyang'anya. Nikamtumia kijana picha ya mkono wa baba niliyoipiga siku ya kubadilisha bandeji, nikaandika chini yake kwamba hiyo ndiyo namba.

Akajibu upesi, kwa adabu.

"Pole sana, dada. Kwa hiyo nipunguze kidogo?"