Mama na chumba cha ufukweni

Leo mama yangu kanitia aibu Zanzibar, na hata hatujafika.

Tulikuwa nyumbani Nyasho, huku kando ya ziwa, namuonyesha hoteli za likizo yetu kwenye simu.
Nikapenda moja: ukifungua mlango, unakanyaga mchanga wa bahari.

Mama akaninyang'anya simu, akapiga hotelini.
"Mwanangu, hapo kwenu viboko wanatokaga majini saa ngapi?"

Dada wa mapokezi akajibu, "Mama, baharini hakuna viboko."
Mama akakata. "Huyo anatafuta wateja."

Chekeni tu, hata mimi nilianza kucheka.
Halafu nikakumbuka: baba aliuawa na kiboko, alfajiri, akitoka kutega nyavu.

Nimechukua chumba cha ghorofani.
Mama kauliza kama ngazi ni nyembamba.
Nimemwambia ni nyembamba sana.