Gogo la Salimu

Siku yangu ya kwanza kazini, mkubwa wangu hakuniuliza jina wala cheti. Alifungua boksi lenye wavu, akatoa nyigu mweusi, mnene, akasema, "Fungua mkono." Nikafungua, kwa kuwa kazi nilikuwa naitaka. Yule mdudu akanichomachoma kwa mkia wake, nikapiga kelele nikamrusha, na yule bwana akacheka mpaka miwani ikamteleza.

"Huyo ni dume," alisema. "Dume hana sindano. Ana miiba mitatu tu mkiani, ya kuwatishia waoga."

Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, mjini Tanga, katika kituo kidogo cha utafiti wa minazi. Mkubwa wangu alikuwa Mtaalamu wa Wadudu, lakini watu wote walimwita Bwana Wadudu. Mimi, mtaani kwetu Chumbageni, nikaitwa Mfuga Nyigu. Mama wa mchumba wangu aliniomba nisiitaje kazi yangu mbele ya wageni. Niliudhika, sitaficha.

Nyinyi vijana mkiona nyigu mnakimbilia ndala. Sisi tuliwalea. Adui yetu alikuwa chonga, yule mbawakawa mwenye pembe anayetoboa kichwa cha mnazi na kula makuti machanga kabla hayajachanua. Chonga hutaga katika magogo yaliyooza, na humo hukulia mabuu wake, weupe, wanene, waliojikunja. Nyigu wetu jike huchimba ndani ya gogo mpaka amfikie buu, akamdunga sindano. Buu hafi, hupooza. Jike humtagia yai moja tumboni, na mtoto akitoka humla polepole, sehemu za uhai akiziacha mwisho ili nyama isioze. Akishiba hujisokotea kifukofuko cha rangi ya hudhurungi, alale humo mpaka awe nyigu. Hao ndio nyigu vimelea. Hawana mzinga wala jeshi, na chai yako hawana haja nayo.

Kuwatambua hakukuwa kazi ya siku moja. Jike ana vipapasio vifupi vilivyojipinda, na miguu yenye nywele ngumu za kuchimbia. Dume ni mwembamba, vipapasio vyake virefu na vimenyooka. Tena madume hutangulia kutoka, kisha huranda chinichini juu ya gogo, wakiwangoja majike.

"Ukiona madume wanaranda," Bwana Wadudu alinifundisha, "usiulize majike wako wapi. Wako chini ya miguu yako."

Kwanza niliwekwa Pongwe, kwenye vibanda vya kituo vya kulelea nyigu, kisha nikapelekwa kijijini Mkwaja chini ya Bwana Shamba wa Wilaya, mtu mkavu asiyependa kurudia neno. Amri yake ilikuwa kila mnazi ulioanguka uchomwe moto. Haikuwa amri mbaya, maana gogo moja likiachwa huweza kuzaa chonga wa kusumbua kijiji kizima. Nikapita nyumba hata nyumba, watu wakachoma, mpaka nikafika kwa Bi Mize, mama wa makamo aliyeishi peke yake.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba, mwanangu. Kama umekuja na kibiriti, kirudishe ulikokitoa."

Gogo lilikuwa nyuma ya jiko lake. Mnazi ule ulipandwa juu ya kitovu cha mwanawe wa pekee, Salimu, kama walivyofanyiwa watoto wengi pale. Salimu alikufa kwa homa kabla hajafika umri wa kuukwea. Mnazi ukaendelea kuzaa bila yeye, hadi chonga walipoula moyo ukaanguka.

"Nilikwisha kumzika mara moja," alisema. "Kumchoma simchomi, mie."

Majirani walisimama uani, wanamwonea huruma na wanaihofia minazi yao. Mmoja akanivuta kando. "Nasi tuna watoto, ati, na wanakula hii minazi." Alisema kweli. Bwana Shamba alipopata habari alisema kesho atakuja mwenyewe na mafuta ya taa.

Asubuhi nikawahi kwenda kumbembeleza yule mama. Jua lilikuwa limeanza kulipasha gogo moto, na juu yake nyigu weusi, ambao si sisi tuliowaleta, walikuwa wanaranda. Nikamdaka mmoja. Akanichomachoma, nami sikumwachia. Vipapasio virefu, vimenyooka. Dume!

"Bi Mize, humu mna majike, na majike ndio wanaomaliza mabuu. Lakini bila kulifungua gogo, Bwana Shamba hataniamini. Na nikikuta mabuu wamewashinda nyigu, nitalichoma mimi mwenyewe. Sitakudanganya."

Alilipapasa gogo kwa kiganja. Kisha akaingia ndani, akatoka na shoka.

"Usilipige kwa nguvu," aliniambia.

Sikulipiga kwa nguvu. Lilimeguka lenyewe, na ndani yake kulikuwa na vifukofuko vingi hata sikujua nishike kipi, na kando ya kila kimoja ngozi tupu ya buu. Mabuu wazima walikuwa wachache, wakaliwa na kuku. Bwana Shamba alipofika alichungulia, akakitua kibati chake cha mafuta chini, akaagiza Bwana Wadudu aitwe kutoka Tanga.

Vifukofuko vikapelekwa Pongwe, vipate kuenezwa mashamba mengine, na Bi Mize akataka kufuatana navyo. Siku nyigu walipotoka alivaa kanga mpya, akanyoosha mkono. Bwana Wadudu akamwekea dume. Nyigu akapanda mpaka kwenye kifundo, akamchomachoma, naye Bi Mize hakutikisika.

"Huyu Salimu," alisema. "Alikuwa mchokozi hivi hivi."

Kisha nyigu akaruka. Bi Mize akalia, nasi tukamwacha alie.

Tangu siku ile ukoo ule wa nyigu tuliuita wa Salimu, na kila kizazi tulichokilea kikabaki na jina hilo. Nimestaafu nikiwa nimedungwa na majike mara nyingi, na mama mkwe, Mungu amrehemu, alikufa akisema kwamba mkwewe ni karani. Kazi hii niliipenda, na bado naililia.

Siku yangu ya mwisho kazini, binti aliyeshika nafasi yangu alinijia mbio na boksi mkononi. "Mzee, wa Salimu wametoka! Hivi huyu Salimu alikuwa nani, bosi wa zamani?"

Nikalipokea boksi, nikachagua dume mmoja, nikamwambia afungue mkono.