Zizi Nyuma ya Bembea

Jumamosi iliyopita, kwenye bustani ya michezo ya watoto hapa Musoma, foleni ya bembea kubwa haikuwa na mwisho. Nyuma yake kuna zizi dogo ambalo wengi hawalijui, ambako familia huruhusiwa kukamua ng'ombe wa kienyeji. Nilimkuta mhudumu amechoka kuvuta chuchu, na kikombe hakina kitu.

"Leo hana maziwa," alitangaza. "Tunafunga."

Binti wa miaka kama tisa machozi yalimlengalenga. Alikuwa amewaleta rafiki zake wawili wa shule wamwone bibi yake wa Butiama akikamua, nao walishaanza kumcheka.

"Si ulisema bibi yako fundi?"

Bibi alimtazama ng'ombe, kisha mhudumu. "Ndama yuko wapi?"

"Nimemfungia kule, bibi. Anasumbua."

"Ng'ombe wetu hakamuliwagi bila ndama, baba. Mlete."

Ndama aliletwa, akanyonya kidogo, kisha bibi akamsogeza mbele ili mama yake amlambe. Akachuchumaa, kikombe kati ya magoti. Kikajaa mpaka povu likafurika.

"Shikamoo, bibi," alisema mmoja wa wale rafiki, ambaye hakuwa amemsalimia tangu wafike. "Nifundishe na mimi."

"Subiri," mjukuu alimkata, huku akikunja mikono ya gauni. "Anaanza na mimi."

Huwa tunawapeleka watoto bustanini waone mambo mapya. Siku ile jambo jipya kuliko yote lilikuwa bibi wa mtu, na mwenye bibi hakuwa tayari kumgawa ovyo.