Jina la Tajiri Kila Kompyuta

Kwa miaka kumi na mmoja Mwanasha Chirau ametunza kompyuta za hoteli moja ya Diani, na kinachomtia kichefuchefu ni kujipendekeza. Meneja mpya, Mahir, aliamuru kila kompyuta iunganishwe na seva kwa jina la tajiri mwenye hoteli. Mapokezini jina hilo lilimfikisha mtu kwenye hifadhidata ya wageni, ofisini kwenye ile ya mazoezi, ya kujifunzia tu.

"Hilo ni jina la njia tu," Mwanasha alimwonya. "Hifadhidata ina jina lake yenyewe ndani ya seva. Litazame kabla hujagusa kitu."

Mahir alicheka.

Ijumaa Mwanasha alikwenda hitimani Kombani. Aliporudi, Mahir alikuwa ameketi mapokezini, amefuta hifadhidata aliyodhani ni ya mazoezi, kumbe ni ya wageni.

"Lakini niliingia kwa jina la tajiri!"

"Hata kwa jirani watu hupiga hodi, wakasikia nani anaitikia. Wewe umeingia na shoka!"

Mwanasha alirudisha kila kitu kutoka kwenye nakala ya akiba ya alfajiri. Mahir akamshika mkono, akanong'ona, "Hii uliyorudisha tuipe jina la mke wa tajiri."

Mwanasha alikwenda kunawa mkono ule kwa sabuni, mara mbili.