Ruta Mbili za Shemeji

Ruta yetu ya zamani ilikuwa imechoka. Joto la Lodwar halihurumii hata plastiki, na vumbi lilikuwa limeziba matundu yake, ikawa inajizima ipendavyo. Kampuni ya mtandao ilituletea mpya. Kabla sijaitoa kwenye boksi, mume wangu akampigia ndugu yake aje kuifunga.

Shemeji huyu anashughulikia kompyuta katika ofisi moja mjini, na huingia nyumbani kwa watu kama daktari bingwa. "Ejok," akanisalimia bila kunitazama, kisha akaagiza chai na feni ielekezwe kwake. Waya wa mtandao akauchomoa kwenye ruta ya zamani, akaupeleka chumba cha mwisho na kuuchomeka kwenye mpya. Ile ya zamani akaiacha sebuleni, imewaka taa zake zote.

Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu kwa Kiingereza cha ofisini, halafu akajishusha hadi kwangu. "Itasaidia kusukuma mtandao, shemeji. Na mpya nimeipa jina na paswadi ya ile ya zamani, msisumbuke."

Tulisumbuka. Mimi hufundisha Kiingereza nikiwa sebuleni, na wanafunzi wangu ni akina mama wakimbizi walioko Kakuma. Siku iliyofuata kompyuta ilionyesha mtandao umejaa, lakini hakuna kilichofunguka. Nilipowapata hatimaye kwa bando la simu, mama mmoja Mkongomani aliniambia kwa upole, "Mwalimu, sisi tuko tunaona mdomo tu. Sauti haiko."

Nikampigia shemeji. Akasema kosa ni la kompyuta yangu kuukuu. Nikampigia tena, akasema ni mabati. Mara ya tatu ikawa upepo. Alieleza kwa ile subira ya mtu anayemfundisha mtoto kufunga viatu, na mume wangu kando yangu akawa anatikisa kichwa kukubali, kana kwamba upepo wa Turkana ulianza siku tuliyobadilisha ruta.

Nikapanda gari hadi Kakuma nikafundishe ana kwa ana. Nilipowasimulia habari za upepo, mama mmoja kutoka Burundi akauliza, "Huyo shemeji yako alisomea wapi?" Darasa likacheka. Mimi nikacheka kuliko wote.

Niliporudi, nilizunguka nyumba na simu mkononi. Chumba cha mwisho mtandao ulikuwa mzuri. Sebuleni ulijaa na haukufanya lolote. Nikaenda nikachomoa ruta ya zamani ukutani. Simu ikatafuta kidogo, ikashika ile mpya, na ujumbe ukaanza kumiminika. Kumbe ile kuukuu haikuwa imeunganishwa na chochote. Ilikuwa inatangaza jina tu, na vifaa vyetu, vikiona jina vinalolijua, vikaikimbilia. Nilinunua waya mrefu, nikaihamishia mpya sebuleni mwenyewe.

Jumapili shemeji alipita akitoka kanisani. Akafungua simu yake, akaridhika.

"Si niliwaambia itatulia?"

"Ulisema kweli," mume wangu akajibu.

Wakaendelea hivyo, mmoja akieleza, mwingine akishangaa. Sikuona haja ya kuwakatiza. Akina mama walikuwa wamenitumia insha zao, nami nikaingia chumbani kuzisahihisha.