Kizibo Kilichobaki Ndani ya Mtutu

Siku moja sitaisahau, mwanangu, maana kila asubuhi nikifunga vifungo vya shati naikumbuka. Nilisimama kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, njia ya kwenda Mwello, nimeweka bunduki begani. Ilikuwa nyeusi, haina hata doa, ungedhani imetoka kiwandani jana. Nikafyatua. Sikusikia mlio. Niliona mtutu umechanika kama ganda la ndizi, kisha nikaona vidole vyangu vitatu vya kushoto viko chini kwenye changarawe, na jicho la kulia likajifunga. Halijafunguka mpaka leo.

Masikio yaliporudi, sauti ya kwanza niliyosikia ilikuwa ya Mzee Obbo, mwenye karakana yetu. Alikuwa anampigia kelele askari aliyekuja kusimamia majaribio: "Nani amempa huyu bunduki? Mimi sijampa!"

Alinipa. Alinipa kwa mikono yake miwili.

Sasa kaa nikueleze ilivyoanza, na mimi sitajipaka mafuta. Nimesoma mpaka darasa la tano tu. Naandika kama ninavyosema, kwa hiyo nivumilie.

Mzee Obbo alikuwa fundi wa silaha jeshini, akastaafu, akapata kibali cha kutengeneza bunduki za makampuni ya walinzi. Karakana yake ilikuwa Tororo mjini. Bunduki za walinzi wa upande wa Lumino zilikuwa zinaliwa na kutu vibaya, unyevu wa ziwa hauna huruma. Zinakuja kwetu mbao zimepasuka, chuma kimekuwa na rangi ya matope. Tunazifungua zote, tunabadilisha kitako, tunaosha mafuta yote, tunapiga chuma kwa mchanga mpaka kiwe kijivu safi, halafu kinapulizwa rangi ya kuoka. Rangi ile ukiipuliza vizuri na kuioka kwenye tanuri, mvua haiipati, jasho haliipati, hata ukucha haukwaruzi.

Tulikuwa vijana wawili. Mimi Ochwo, mtoto wa Kiyeyi, na Wandera, Msamia aliyekuwa akivuka mpaka wa Kenya pale Busia kila Jumatatu kuja kazini. Nilimtangulia mwaka mzima. Mwaka mzima nilipiga mchanga, nikatema vumbi jeusi, nikisubiri siku Mzee atakaponipa bomba la kupulizia. Wandera alikaa miezi miwili, akapewa.

"Wewe Ochwo, mkono yako iko nzito," Mzee aliniambia mbele ya wateja. "Rangi inataka mtu wa kupumua polepole. Wewe unapumua kama ng'ombe amepanda mlima."

Watu wakacheka. Wandera hakucheka, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Ningependa angecheka, nipate sababu.

Mwanangu, wivu haukuja kwangu kama moto. Ulikuja kama jino bovu. Unakula, unasahau, halafu unatafuna upande ule. Wandera akisifiwa, jino. Mke wa Mzee akimpa Wandera kikombe kilicho kizima na mimi chenye ufa, jino. Nilijua hata idadi ya mashati yake. Kijana alikuwa na mashati matatu tu, na mimi nilikuwa na matano, lakini bado nilimwonea wivu namna alivyoyakunja mikono.

Kabla ya kupuliza, kila mtutu huzibwa kwa kizibo cha mpira, rangi isiingie ndani. Kizibo chenyewe kinapakwa rangi pamoja na chuma, na kikishaokwa huwezi kukiona, chote cheusi. Kwa hiyo Wandera alibuni jambo. Alifunga uzi mwekundu kwenye kila kizibo, ukaning'inia nje kama ulimi, anaufuta rangi kabla ya kuoka. Mzee aliupenda uzi ule! Kila mgeni akiingia: "Njoo uone akili ya huyu kijana." Nilifika mahali nikiona kitu chekundu sokoni, hata nyanya, naumia.

Na karakana ilikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, aliyeziba ndiye anayezibua, na kila kizibo kikitoka kinatundikwa kwenye msumari wake ubaoni. Bunduki sita, vizibo sita ubaoni, ndipo kazi imeisha. Ya pili, Mzee mwenyewe anachukua kila mtutu, anauelekeza dirishani, anachungulia mwanga unapita upande wa pili, halafu anatia sahihi kwenye kitabu cha ukaguzi.

Zilikuwa bunduki sita. Wandera alizipuliza, akaenda kunawa. Nikachukua wembe nikakata uzi mmoja, wa bunduki moja tu, nikautia mfukoni. Niliwaza hivi: Wandera atasahau kukizibua, Mzee atachungulia, ataona giza, atapiga kelele, na bomba litakuja kwangu. Ndiyo yote niliyotaka. Sikutaka damu ya mtu. Lakini nilifanya.

Siku ya pili yake zikatoka tanurini. Wandera akazibua, akatundika. Nikatazama ubao: vizibo sita. Moyo ukaruka. Nikajiambia, basi kijana amekiona hata bila uzi, amenishinda tena. Bado nikabaki na tumaini kidogo kwa Mzee, labda atachungulia akute kingine kibaya. Mzee siku ile alikuwa amevaa koti la msiba. Mjomba wake alikuwa anazikwa Kiyeyi, simu inalia kila dakika. Akafungua kitabu.

"Zote sita sawa, Wandera?"

"Sawa, Mzee."

"Ee, mimi nakuamini wewe." Akatia sahihi mara sita, amesimama, hata mtutu mmoja hakuugusa.

Nilikuwa mlangoni. Niliona. Unajua nilichosikia katika maneno yote hayo? Nilisikia *nakuamini wewe* tu. Kama singekuwa na wivu ningesikia kwamba bunduki sita hazijakaguliwa. Ningesema, "Mzee, subiri, kuna jambo." Lakini masikio yangu yalikuwa yamejaa Wandera.

Tukaenda machimboni kwa majaribio, Mzee akitaka tumalize haraka awahi maziko. Nikamwambia, "Leo nipe mimi nifyatue. Kila siku Wandera, Wandera." Akanitazama, akacheka kidogo, akaniwekea bunduki mikononi. "Haya, mwenye wivu, shika." Ndivyo alivyosema, mwenye wivu. Alijua. Wote walijua.

Yaliyofuata nimeshakwambia.

Hospitalini Wandera alikuja na machungwa. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akaanza kulia kabla ya kusalimia.

"Ochwo, kaka yangu, vizibo vilikuwa vitano."

"Niliona sita ubaoni."

"Cha sita ni cha zamani. Nilikitoa kwenye debe la vizibo vibovu. Nilitafuta, nikasema labda kimeanguka, labda kimeungua. Ningemwambia Mzee nini? Angesema nimeharibika."

Nami nikamwambia langu. Nikamwambia uzi niliukata mimi, uko mfukoni mwa suruali, kautazame. Sikuwahi kumpenda mtu kama nilivyompenda Wandera dakika ile, maana nilidhani tumekuwa sawa. Nikamwuliza, "Utayasema hayo kwa polisi?"

Akamenya chungwa. Akalimenya lote, akaliweka sahanini, akaondoka.

Askari walipokuja niliungama. Nilisema langu nikidhani kila mtu atasema lake. Kumbe langu liliwatosha wote. Mzee Obbo akaandikisha kwamba nilikata uzi kwa hila na kuchukua bunduki bila ruhusa. Wandera akaandikisha kwamba alitundika vizibo vyote kama kawaida. Kitabu cha ukaguzi kikaja na sahihi sita nzuri, na hakuna aliyeuliza bunduki iliyokaguliwa ilipataje kizibo ndani. Nikawa mimi mhalifu peke yangu. Tangu hapo hakuna karakana kutoka Malaba hadi Busia iliyonipa hata tupa niishike. Wanasema, "Ndiye yule wa bunduki." Nanoa majembe na mapanga Lumino siku za soko. Ninashikilia jembe kwa magoti.

Wandera sasa ana karakana yake Busia, upande wa Kenya. Anapuliza rangi ya kuoka kwenye rimu za pikipiki na mageti. Nikivuka naipita. Nitakudanganya niseme nimepona? Sijapona. Ana mlango wa bluu, nimechukia hata rangi ya bluu. Anazo rimu zimepangwa nje zinang'aa, na mimi nasimama pale kama mtu anayesubiri gari, namtazama akikunja mikono ya shati kwa vidole kumi.

Mwanangu, ukiona mwenzako amepewa kile ulichokitaka, nenda ukamwambie mtu: mimi naumia. Mwambie hata mama yako. Aibu ya kulisema itakwisha baada ya siku mbili. Lakini usiuingize wivu wako mkononi, kwenye kazi ambayo mtu mwingine ataiweka begani mwake. Mtego uliomtegea mwenzako haujui jina lake. Na ukikosa kizibo, sema nimekikosa, hata kama jana ulisifiwa. Na siku watakapokupa kalamu ya mkaguzi, tazama ndani kwanza, hata kama baba yako anazikwa. Mungu akupe mikono mizima mpaka uzee, akupe na rafiki atakayekueleza kosa lako kazi ikiwa bado mezani.

Mimi la kwangu nimelisema: niliukata uzi, kwa wivu, mimi Ochwo. Limeandikwa polisi na sasa limeandikwa hapa. Wandera, wewe unajua kusoma kuliko mimi. Njoo useme cha sita ulikitoa wapi. Nawe Mzee Obbo, bado uko hai, wanasema unakaa Mwello unafuga kuku, bado unaitwa fundi wa heshima. Njoo mbele ya watu na kitabu chako, uweke kidole kwenye zile sahihi sita, utuambie: ulichungulia mtutu gani?