Neno Moja la Kitabu cha Pili

Kitabu cha kwanza kilinichanganya. Cha pili ndicho kilichonimaliza. Kinaanza na maiti na mpelelezi. Ukishamzoea mpelelezi kinageuka cha mapenzi, na katikati ya mapenzi ardhi inapasuka, wafu wanatoka kwenda kuchimba migodi ya malkia. Sikujua nasoma nini, na sikutaka kiishe. Ofisini Bariadi nilikisoma nimekifunika kwa mafaili. Wenzangu walipouliza kinahusu nini, kila nilipoeleza nilijikanyaga.

Msimu wa pamba nikaenda nacho Shishiyu kwa bibi, mama yake baba. Kile cha kwanza nilikuwa nimemsimulia chote mwaka uliotangulia, tumekaa hivi hivi tunachambua pamba, safi huku, fifi, ile chafu yenye madoa, kule. Wafu, maana hata humo wamo, niliwaita mazimwi. Bibi alicheka mpaka akafuta machozi, akasema Wazungu nao wana uongo mtamu.

Safari hii ulimi uliniponza. Kitabu cha pili kinafichua kwamba wale wafu hawakufa kweli: walichukuliwa wakafichwa, na ndugu zao wakazika magogo. Nikatafuta neno la Kiswahili, likaja lenyewe. Nikasema ni misukule.

Mikono ya bibi ikasimama juu ya pamba. Mwanae wa mwisho, baba yangu mdogo, alilala mzima, asubuhi akakutwa amekufa. Mimi sikuwa nimezaliwa. Kijijini likapita neno kwamba aliyezikwa siye. Nyumbani hatulizungumzii jambo hilo, na mimi, msomi mzima, nilikuwa nimelisahau kwa utamu wa hadithi ya watu.

Bibi akauliza migodi hiyo iko upande gani. Nikamwambia haipo. Akauliza wanalishwa nini. Nikajibu pumba, maana ndivyo kitabu kinavyosema, halafu nikajuta, kwa sababu hata kwetu wanasema hivyo hivyo. Hapo nilichanganyikiwa kabisa. Mwandishi wa huko mbali kalijulia wapi la kwetu?

Sura niliyoipenda kuliko zote ni ya mama anayeshuka mgodini kumtafuta mwanae. Anampitia karibu, taa mkononi, anammulika usoni, hamtambui, anaendelea mbele. Nilipoisoma mara ya kwanza nilifunga kitabu kwa raha. Kwa raha, nasema kweli. Sasa nilimsimulia bibi hadi pale taa inapommulika, naye akataka kujua kama mama huyo alimjua mwanae au hakumjua, na raha ile ikaniishia.

“Bibi, hii ni hadithi tu. Mtu amekaa akatunga.”

“Najua ni hadithi, ng'wanawane, mwanangu. Nimekuuliza kama alimjua.”

“Alimjua,” nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye pamba yake. Baada ya muda akasema, kama anayejisemea, kwamba hata yeye angemjua wake, kisigino cha kushoto kina kovu la jembe. Alisema kina, hakusema kilikuwa na. Nikainamia kazi nisimtazame, nikaona rundo langu lote la safi limejaa fifi, na sikujua nilianza kukosea saa ngapi. Bibi aliliona pia. Akalivuta kwake, akaanza kulichambua upya.